Halijatoa Mizizi

2 Machi

Mwanangu Macho Manne,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila miguu inalalamika asubuhi, nami nimezoea kuipuuza. Mjomba wako amenunua baiskeli na ameshaanguka nayo mara mbili, mara zote mbele ya watu anaowaheshimu. Msalimie mkwe wangu na boza lake, lile lori la maji.

Najua umejaribu kunipigia simu. Usihangaike. Masikio yangu yaliliwa na nyundo zamani, na kwenye simu nasikia kitu kama nyuki ndani ya debe. Wewe andika, nitasoma. Macho bado ninayo, tena kwa miwani uliyonisagia mwenyewe.

Sasa lile jambo letu. Sijasahau. Tulikubaliana siku ile ulipokuwa unafunga sanduku lako baada ya mazishi ya mama yako, kwamba nitafunga nyumba na kuhamia kwako, na kwamba siji mikono mitupu. Nakuja na ua la mama yako, lile la majani mekundu yenye ukingo wa kijani, lililo kwenye nusu pipa hapa mlangoni. Pipa halipandi basi. Kwa hiyo nakata vitawi, natia majini, vikitoa mizizi navifunga na kuondoka. Mwaka umepita nikijivuta, lakini sasa nimeanza kweli.

Nimeanza vibaya, nikuambie ukweli. Nilikata kwa msumeno wa chuma, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, nikavitumbukiza kwenye ndoo niliyokuwa napozea chuma kila nilipomaliza kuchomelea. Ndoo ile imekuwa kazini na mimi miaka yote, nikaiona inastahili heshima hiyo. Baada ya siku chache vitawi vyote vilikuwa vimeinama kama wanafunzi waliofeli, na mashina yake meusi yananuka. Nilikuwa nimesimama navitazama jirani alipochungulia juu ya ukuta. Unamkumbuka Mama Chupa, yule mjane anayeosha na kuuza chupa tupu. Aliitazama ile ndoo yenye maji ya kutu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema marehemu mke wangu angefufuka aje ashuhudie.

Nilinuna. Lakini jioni alinipitishia chupa mbili za jamu juu ya ukuta, safi kabisa, akaniambia nianze upya. Nitaanza kesho. Chumba changu usikipake rangi ya bluu, inanikumbusha ofisi za watu.

Ni mimi,
Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama ya kidole chenye grisi, nikajua si ya kughushi. Sisi tu wazima. Mkwe wako anakusalimia na anasema ukikwama atakuletea maji ya boza lake, maana yanaotesha hata fimbo ya mlinzi. Mwambie mjomba baiskeli haina haya, aendelee kujaribu.

Chumba chako kiko tayari. Nimekipaka rangi ya maziwa. Dirisha linatazama mtaa wa mafundi viatu, na asubuhi utawaona wanavyopanga visigino juu ya gazeti kabla hawajanywa chai. Utawapenda. Mmoja wao ana mashine iliyolegea mguu, nami nimeshamwambia baba yangu anakuja.

Kazini wamenihamisha. Nilikuwa nasimama kwenye gurudumu la kusagia vioo vya miwani, sasa nimewekwa kaunta, nakaa na kuwachagulia watu fremu. Ni kwa muda tu. Miguu ilikuwa inavimba.

Baba, ulikata kwa msumeno? Mama alikuwa anakata kwa wembe mpya, chini kidogo ya fundo, pale jani linapotokea, kwa sababu mizizi inatokea papo hapo. Majani ya chini alikuwa anayang'oa yote ili yasioze majini. Na maji alikuwa anabadilisha kabla hayajaanza kunuka, si baada. Nilimwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Na wewe ulikuwa hapo hapo, nyuma ya barakoa yako, cheche zinaruka.

Fanya hima, tafadhali. Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja wao yuko barabarani tangu alfajiri. Nikirudi jioni naongea na sufuria. Nakuhitaji, Baba, nasema waziwazi ili usije ukasema hukusikia.

Wako wa siku zote,
Macho Manne


10 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na miguu iliyonywea. Hapa mvua imeanza. Paa linavuja mahali pamoja tu, nami nimepawekea sufuria na tunaelewana. Mjomba wako sasa anaendesha, ila hajajifunza kusimama. Anasimamishwa na miti.

Nimefuata yote uliyosema. Wembe mpya, chini ya fundo, majani ya chini nje. Mama Chupa alisimama kando akinikagua kama mkaguzi wa shule. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa nakinyanyua kitawi kila baada ya muda kutazama kama kimeshatoa kitu. Akanipiga kofi mkononi. Akasema, mtu ukimfunulia shuka kila saa atalala vipi. Tangu hapo natazama kwa nje ya kioo tu, kwa adabu.

Paka wa mtaani aliangusha chupa moja, kwa hiyo nimetengeneza kichanja. Nilikuwa na vipande vya waya mnene vimelala nyuma ya nyumba, nikavikunja kuwa pete, nikazichomelea kwenye nondo mbili nyembamba, na sasa kila chupa inakaa ndani ya pete yake dirishani. Sikuwa nimewasha mashine ya kuchomelea tangu mama yako aondoke. Nilidhani mkono umesahau, kumbe ulikuwa umelala tu.

Nimejua jambo. Ua lenyewe mama yako alilipata kwa Mama Chupa, kitawi kimoja ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, mwaka ule tulipohamia hapa. Miaka yote hiyo nimelipita mlangoni nikidhani limejiotea. Mama Chupa anasema mama yako alimlipa kwa kumfundisha kufuma, naye hakuweza kufuma hata leso, lakini walicheka sana. Alinisimulia mengi ya mama yako ambayo sikuyajua. Nilikaa nikasikiliza mpaka chai ikapoa.

Kuhusu safari, vuta subira. Vitawi vimesimama, majani yana afya, lakini chini bado ni upara mtupu. Halijatoa mizizi. Haraka haraka haina baraka.

Mwenye subira,
Baba


28 Aprili

Baba Mwenye Subira,

Shikamoo. Hatujambo hapa, ila mimi na vitunguu tumegombana. Vikianza kukaangwa natoka nje. Mkwe wako ndiye anayepika siku hizi, na anapika vibaya kwa moyo wake wote.

Umeniambia haraka haraka haina baraka. Nami nakujibu, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nikupe habari ya hapa dukani. Mwenzangu anayekaza fremu ana ua hilohilo la mama, majani mekundu, ukingo wa kijani, halina tofauti hata chembe. Alinikatia kitawi, nikakitia kwenye chupa ya soda juu ya kaunta, katikati ya miwani ya jua. Kabla ya wiki mbili kilikuwa na mizizi myeupe imejaa kama ndevu za mzee. Wateja wanaisifu kuliko fremu. Labda maji ya huko kwetu ni magumu. Sijui. Wewe ndiye unayeyaona.

Jambo jingine dogo. Kile kitanda changu cha utotoni, cha chuma, ulichochomelea mwenyewe na kukiwekea vile vinyota pembeni, bado kipo? Nauliza tu.

Na mwambie Mama Chupa namsalimia. Kwenye barua yako ya mwisho ametajwa mara nyingi kuliko mimi.

Anayekuhesabia siku,
Macho Manne


21 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, nanenepa kidogo. Mjomba wako ameuza baiskeli, na mtaa mzima umelala salama. Kitanda chako kipo, kimeegemea ukuta wa nyuma, kina kutu kwenye miguu lakini vinyota viko vyote.

Maji ya huko kwenu yana dawa, ndiyo maana. Maua ya mjini yanaharakishwa kama kila kitu. Ya hapa ni ya maji ya bomba la kisima, yanakwenda kwa mwendo wake.

Kuhusu Mama Chupa, jirani ni jirani. Jioni tunakunywa chai, mimi upande wangu na yeye upande wake, ukuta katikati. Nilitoa matofali mawili ya juu ili kikombe kipite bila kumwagika. Kisha nikatoa mengine mawili, kwa sababu sahani nayo ilihitaji kupita. Ni mwanamke mwenye maneno mengi, lakini anasema polepole akinitazama, nami nasikia kila neno. Watu wengine wote wananipigia kelele.

Watu wanaopita barabarani wamekuwa wakisimama kutazama kichanja changu dirishani. Wameniomba niwatengenezee, na sasa asubuhi nina kazi. Nanunua waya, nakunja pete, nachomelea. Nimevaa tena aproni yangu ya ngozi. Ilikuwa na utando wa buibui mfukoni.

Hicho kichanja cha kwanza, ambacho pete zake nilizikunja vizuri kuliko vyote, nimekutumia kwa basi. Kapokee stendi. Kitangulie, nami nitafuata.

Na hapana, usiniulize. Halijatoa mizizi.

Baba


6 Juni

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Kichanja kimefika, ni kizuri mno, mkwe wako amekitundika dirishani kabla hajavua viatu.

Nilikuwa nakipangusa vumbi la safari. Kwenye pete ya tatu, pale inapoungana na nondo, kidole changu kiligusa kitu kama uzi mkavu uliojizungusha kwenye waya. Nikakibandua taratibu, nikaenda nacho kazini ndani ya karatasi, nikakiweka chini ya kile kioo tunachokagulia mikwaruzo ya miwani. Nikamwita mwenzangu atazame naye, asije akasema naona mambo.

Ni mzizi, Baba. Tena si wa siku moja. Ulikuwa mrefu, na una matawi yake madogo, umetoka juu ya chupa ukashuka kwa nje mpaka ukashika waya.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia stendi ya mabasi.

Sikuulizi kwa nini. Nakuambia tu nilivyo. Nilikaa kwenye chumba cha rangi ya maziwa jana jioni, juu ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia, nikalia kama mtoto. Kama hutaki kuja, sema hutaki. Nitalia siku moja, kisha nitanyamaza, na mapenzi yangu kwako yatabaki palepale. Lakini usinifanye nimwambie fundi viatu kila asubuhi kwamba baba yangu yuko njiani.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu, mama yangu,

Shikamoo haitoshi kunirudishia uso niliokuwa nao, kwa hiyo leo naanza mimi kukuamkia. Umeshindaje? Mimi sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Nimeiandika hii mara nyingi na kuichana. Mama Chupa akaniona na karatasi chini, akauliza, nikamsomea barua yako yote. Hakucheka safari hii. Aliniambia, "Mwandikie mtoto ukweli, au mimi nitapanda basi nikamwambie."

Ukweli ndio huu. Lilitoa mizizi zamani, kabla mvua ya Aprili haijakolea. Siku nilipoiona ile mizizi, badala ya kufurahi nilihisi mlango wa basi unafungwa nami nimo ndani. Nikakichukua kile kitawi nikakipanda uani kwa Mama Chupa, nikakata kingine, nikakitia majini. Kisha nikakuandikia kwamba halijatoa mizizi. Na kweli, lililokuwa kwenye chupa saa hiyo halikuwa nayo. Kila lilipotoa, nilipanda kwake na kukata jipya. Sasa uani kwake kuna safu nzima tangu mlangoni hadi bombani, na yaliyobaki tunayauza kwenye chupa zake na vichanja vyangu. Lile moja lililokua mpaka mizizi ikatoka nje ya chupa nilishindwa kulipanda. Nilitaka liwe lako. Nikawa nalitazama tu.

Nilimpenda mama yako. Nampenda hata sasa ninapoandika. Nilidhani kazi yangu iliyobaki ni kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine nisubiri kuitwa kula. Sikutegemea kwamba nitaamka asubuhi nina hamu ya siku. Nilikuonea aibu wewe, mwanangu, kuliko mtu yeyote. Nikaona heri nilisingizie ua.

Nimemaliza langu. Sasa zamu yako.

Wewe ulinichunguza kwa kioo, mimi nimekuchunguza kwa barua, nimezisoma zote upya. Umetolewa kwenye kazi ya kusimama. Miguu inavimba. Vitunguu vinakufukuza nyumbani. Halafu unauliza kitanda cha mtoto, "nauliza tu". Mtu haulizii kitanda cha mtoto hivihivi. Mama yako alipokuwa na wewe tumboni, vitunguu vilipigwa marufuku mpaka kwa majirani.

Wanasema mficha uchi hazai. Wewe naona umeficha na utazaa vilevile. Ni lini?

Baba yako, anayeona aibu na furaha kwa pamoja


1 Agosti

Baba,

Shikamoo tena, nirudishie nafasi yangu. Nimesoma barua yako nikiwa kaunta, nikalia na kucheka, na mteja aliyekuwa anajaribu fremu akadhani nacheka uso wake. Ilibidi nimbembeleze.

Ni mwisho wa Septemba, Mungu akipenda. Sikusema kwa sababu mwaka juzi nilisema. Wewe hukujua, mama tu ndiye aliyejua. Nilimwambia mapema, akaanza kufuma kofia, kisha hakukuwa na wa kuivaa. Kofia ninayo mpaka leo. Safari hii niliogopa hata kuliandika, nikihofia nikiliandika litaondoka. Na nilitaka uje kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili ya tumbo. Huo ndio uchoyo wangu.

Kuhusu Mama Chupa, nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika siku nzima. Kisha jioni nikatazama kile kitawi changu cha dukani ambacho sikuwa nimekipanda. Mizizi ilikuwa imejizungusha mpaka imejaza chupa, na majani yameanza kupauka. Mama alikuwa anasema maji ni ya kuanzia, si ya kuishi. Nikaenda kununua udongo. Nimelipanda kwenye kopo la rangi ya chumba chako, na tayari limechangamka.

Kwa hiyo na wewe baki ulipopandwa, Baba. Kaa huko na safu yako mpaka bombani. Ng'ombe hazeeki maini, nami ni nani nikuzuie.

Ila njoo. Usihamie, njoo tu. Naogopa. Mama angekuwepo angenishika mkono na kunitukana kidogo, nami ningetulia. Sina wa kunitukana. Njoo kabla ya mwisho wa Septemba, na usije peke yako. Mwambie aje naye, mwambie nimesema mimi.

Mwanao asiyeficha tena


15 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo, tunakuja, na hii ni barua fupi kwa sababu nina rangi mikononi.

Kitanda nimekisugua kutu yote, miguu nimeibadilisha, na vinyota nimevipaka upya. Nilikuambia pipa halipandi basi. Kitanda cha mjukuu wangu kitapanda, hata kama itabidi kondakta ashuke.

Nilipomwambia Mama Chupa umesema aje, aliingia ndani akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mikono imejaa vitambaa. Amezaa watano na anasema matusi ya leba anayajua yote. Ana wasiwasi mmoja tu, utamwitaje. Nikamwambia, utamwita utakavyojisikia ukishamwona.

Mjomba wako ataangalia maua. Nimemwomba asiyaonee huruma sana kwa maji.

Tupokeeni stendi.

Baba


9 Novemba

Baba na Mama Chupa,

Shikamooni wote wawili. Natumaini mmefika salama na mmekuta maua hayajaelea. Huku mtoto ameongezeka shavu. Baba yake amemzoeza sauti ya boza, sasa likizimwa ndiyo analia. Fundi viatu anakushukuru kwa mguu wa mashine, na wale wa hospitali nao, nasikia lile benchi la nje ulilolikaza usiku ule halijacheza tena. Muuguzi aliniambia, "Baba yako angekaa siku moja zaidi angetuchomelea hospitali yote."

Mama Chupa, bado nina alama za kucha zangu kwenye dhamiri, najua zako ziko mkononi. Ulinishika tangu mwanzo mpaka mwisho hukuachia hata kunywa maji. Na ulinitukana vizuri, sauti ile ile ya mama, maneno mengine. Ile kofia ilimtosha. Ulipomvisha ulisema unaujua ule ufumaji wa mama, mwenyewe ulishindwa kujifunza. Nikawa sina tena cha kumkasirikia mtu.

Tangu muondoke chumba cha maziwa kimekuwa kimya. Ana kitanda chake chenye vinyota, lakini kicheko chako, Baba, hakipo, na hakuna anayemwita "mchumba wangu". Nilipokuuliza stendi mtarudi lini, ulianza habari za paa, na waya, na wateja. Sikukubana. Nilikuwa na mtoto begani.

Lakini nimefika nyumbani nimefikiri. Nimechukua wembe mpya. Nimekata kitawi kwenye lile la kopo, chini kidogo ya fundo, nikang'oa majani ya chini, nikakitia kwenye chupa ya jamu mliyoiacha, kwenye pete ya tatu ya kichanja. Makubaliano yetu ya zamani yalikuwa kwamba ua likitoa mizizi, unakuja. Sikumbuki siku tuliyoyavunja.

Anayetazama kwa nje ya kioo, kwa adabu,
Macho Manne


24 Novemba

Macho Manne,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu, na kwa mchumba wangu, mwambie asikubali mwingine yeyote kabla sijafika. Hapa tu wazima. Mjomba wako aliyamwagilia maua asubuhi, mchana na jioni, akayaimbia, na yamenawiri yote, kwa hiyo sasa anajiita bwana shamba na hatuna amani.

Ukuta tumeubomoa kiasi cha mlango. Nimechomelea mlango wenyewe, wa chuma, mzuri, una vinyota pembeni. Kitasa sijaweka. Mama Chupa amesema mlango wa kati ya nyumba mbili za mtu mmoja kitasa cha nini.

Sasa hilo jambo lako si la haki. Ua lile halichelewi, wewe unajua na mimi najua. Kwa hesabu hiyo nitaishi ndani ya basi. Nina maagizo ya vichanja mpaka mwaka mpya. Usilisumbue, liache lijiendee polepole, na ikibidi lihamishie kivulini.

Nilikuwa nimeshafunga barua, Mama Chupa akaniambia niifungue. Ameshaosha nguo za safari, ziko kambani. Anauliza, halijatoa mizizi?

Baba


6 Desemba

Baba,

Salamu mtazikuta huku.

Limetoa.